Njia ya Nyuma ya Nyumba ya Habineza

Onésphore alizaliwa Goma, akavuka mpaka kuingia Rwanda na mama yake akiwa kijana mwenye miguu mirefu na baiskeli moja, na baiskeli hiyo ndiyo iliyomlea. Alianza kwa kubeba abiria kati ya soko la Gisenyi na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, akina mama wauza nyanya wamekaa nyuma yake na mabeseni yao. Wageni walipoanza kuja kutembea na kuendesha baiskeli kandokando ya Ziwa Kivu, alikuwa tayari anaijua njia mpaka Kinunu, na Mungu alikuwa amemjalia ulimi mwepesi. Kinyarwanda alikuwa nacho cha nyumbani, Kifaransa cha shule, na Kiswahili cha Goma kilichowafanya Watanzania na Wakenya wamtafute yeye kwanza. Siku za sikukuu hakukosa kazi.

Njia kuu inapita Rubona, inateremka Nyamyumba penye chemchemi za maji moto, kisha inapanda vilima vya migomba na kahawa. Lakini Onésphore alikuwa na njia yake ya kificho. Juu ya Nyamyumba aliiacha barabara, akakata katikati ya maharage ya watu, akatokea nyuma ya nyumba moja ya bati. Hapo ziwa lote linafunguka chini ya miguu: visiwa, mitumbwi ya wavuvi wa dagaa waitwao sambaza, na Goma kule mbali chini ya volkano. Kila mara wageni walipofika pale walitoa simu zao.

Nyumba hiyo ilikuwa ya mzee Habineza na mkewe Uwamariya. Onésphore hakuwahi kuwaomba ruhusa. Siku ya kwanza mzee alikuwa anakata majani ya mbuzi, akawapungia mkono. Onésphore akauchukua mkono ule kuwa ni karibu ya milele. Tangu hapo, kila alipofika kwenye kona ya mwisho alipiga kengele na kumwita kwa utani: "Muzee, bado haujakufa?" Na mzee alijibu kutoka nyuma ya migomba, "Nikufe, nani atakuonyesha njia?" Wageni wakacheka, wakapiga picha, wakaenda. Onésphore hakuwahi kuketi pale hata mara moja.

Jumatatu ya Pasaka alikuwa na wageni wanne kutoka Tabora. Mkubwa wao alikuwa Hamdani, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya kitambaa, aliyeendesha polepole na kuuliza habari za kila kitu. Walipopumzika kwenye maji moto, Hamdani aliuliza huko juu wanakokwenda ni kwa nani. Onésphore akamsimulia habari za Habineza, na kwa kuwa maneno yalikuwa yanateleza vizuri asubuhi ile, akaongeza kwamba mzee huyo ni kama baba yake, na kwamba pale yeye ni mtu wa nyumbani. Hamdani alifurahi. Alisema basi watamsalimu mzee vizuri, wasipite tu kama kuku.

Walipanda wakihema. Onésphore alitangulia, jasho likimtoka na moyo mkunjufu, akafika kwenye kona, akapiga kengele, akapaza sauti kuliko siku zote ili wageni wasikie.

"Muzee, bado haujakufa?"

Hakuna aliyejibu. Akapinda kona. Uani watu walikuwa wamejaa, wengi wakiwa wamesimama kwenye mstari mbele ya beseni, wakinawa mikono kwa maji ya jagi kama watu wafanyavyo wakitoka makaburini. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama. Uwamariya alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kimemfunika kichwa, nao uso wake haukuonyesha hasira wala kitu kingine. Nyuma ya Onésphore kengele za wageni zilikuwa bado zinalia, na mmoja wao alikuwa anacheka.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliishika breki ingawa baiskeli ilikuwa imeshasimama. Alitafuta neno kwa Kinyarwanda, akatafuta kwa Kiswahili, na yeye aliyekuwa anaishi kwa maneno hakulipata.

Hamdani ndiye aliyeshuka kwanza. Aliilaza baiskeli yake kwenye nyasi, akavua kofia, akawaambia wenzake wanyamaze, akaenda kumpa mama pole kwa mikono miwili. Mama hakuelewa maneno yote ya Kiswahili chake, ila alielewa mikono. Kisha Hamdani akarudi, akasema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote:

"Pole sana, kaka. Ulisema ni kama baba yako. Hawakukupa habari?"

Onésphore alisema simu yake ilikuwa na matatizo. Akauona uongo ule ukitua mbele yake, na Hamdani pia aliuona, akaitikia kwa kichwa tu na kuyageuza macho upande wa ziwa. Simu ya Onésphore ilikuwa nzima mfukoni. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa na namba yake, wala yeye hakuwa na yao.

Aliwafikisha wageni mahali pa kulala bila kusimulia kitu. Kesho yake, akirudi peke yake, aliiacha baiskeli barabarani akapanda kwa miguu. Moto wa matanga ulikuwa bado unafuka uani. Vijana walimpisha kwenye benchi, na mmoja akamwambia mwenzake, bila kujificha, kwamba huyu ndiye yule wa kengele. Onésphore aliinamisha kichwa. Uwamariya alipotoka, Onésphore alipiga magoti mbele yake na kuomba msamaha, akisema hakujua.

"Haukujua," mama alisema. "Aliugua tangu Kwaresima. Mulipita mara mingapi?"

Onésphore alijaribu kuhesabu. Walikuwa wamepita, na kama mzee hakuitika, alidhani yuko shambani.

"Mi sikukasirika," mama akaendelea. "Alipenda kelele zenu. Siku za sikukuu alifagia pale nyuma, anasema wageni wanakuja. Mi sikupenda. Ni nyuma ya nyumba yangu, pale ninaanika nguo. Sasa hayuko. Musipite tena."

Akasema ndiyo, mama.

Sasa anawapeleka wageni kwa barabara ya chini. Wengine wamekwisha kuona picha za pale juu, wanalalamika, na anawaambia pale ni kwa watu. Wakimuuliza kama anawafahamu watu hao, anasema kidogo, na masikio yake yanawaka kwa aibu.

Siku zisizo na kazi hupanda mwenyewe, kwa mlango wa mbele, akibisha hodi. Mara nyingine Uwamariya humpa kiti, mara nyingine humwambia yuko na kazi, naye hurudi alikotoka. Akipewa kiti husaidia kuambua maharage. Nyumba ile imeuelekea mlima, kwa sababu ya upepo, na mtu akiketi mlangoni haoni ziwa hata kidogo. Anaona migomba, banda la mbuzi, na njia ambayo majirani hupita wakija kubisha hodi.