Sanduku Alilokalia Pasta

Admin, nifiche kabisa, hata picha ya ploti tunayopanga usiweke.

Kwa masikitiko mengi, na kwa kukubali mapenzi ya Mungu, natangaza kutengana ghafla kwa gurudumu la kushoto na sanduku letu la zambarau, hapa Kawangware, baada ya maombi. Marehemu ameacha gurudumu moja mjane, zipu mbili, na mshikio ambao tangu siku hiyo umekataa kushuka.

Mkimaliza kucheka nisikilizeni.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tisa, mtu wa Kitui, fundi wa mjengo mpaka mwaka jana mgongo uliponikataza. Siku hizi nikifikisha mtungi wa maji mlangoni najiona shujaa. Mke wangu anafulia watu nguo, lakini kufua hakuwezi kulisha nyumba na kumsomesha Mwende wetu (jina nimebadilisha) kwa pamoja. Ndipo dada ya mke wangu anayeishi Soweto East kule Kibera, ambaye alishafanya kazi Uarabuni akarudi salama, akamtafutia nafasi ya kazi huko huko. Kandarasi ni ya miaka miwili. Nilipoambiwa nikasema ni sawa. Mwanaume anayekaa nyumbani mchana kutwa atasema nini kingine?

Mimi nilipewa jukumu moja tu, kununua sanduku. Shemeji alinipa masharti kama ya mahari. Nisichukue la kitambaa chepesi, nisidanganywe na rangi, maana kule uwanja wa ndege mizigo inarushwa kama mawe ya kifusi. Akanichokoza mbele ya watoto wake, "Shemeji, mke ulimchagua kwa sura ukabahatika. Sanduku lichague kwa miguu."

Basi nikaenda pale kwa masanduku ya mitumba, nikayapindua yote tumbo juu, nikazungusha magurudumu kama fundi wa baiskeli. Zipu nilizivuta mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nanunua au nafanya mazoezi. Hili la zambarau lilikuwa plastiki ngumu, pembe nene, na magurudumu yameshikwa kwa skrubu za chuma, si gundi. Jamaa akapanda juu yake, akasimama, akaniangalia kutoka huko juu kama mwanasiasa. Nikalinunua, nikalivuta nyumbani kwa njia ndefu ili watu walione.

Jumamosi kina mama wa kanisa na pasta wakaja kumwombea safari. Sisi hufanya hivi: sanduku linawekwa katikati ya nyumba, watu wanaliwekea mikono kama mgonjwa. Nyumba yetu ni chumba kimoja, viti vikaisha. Pasta, mtu wa Mungu aliyejaliwa mwili, akasema Yesu hakuhitaji sofa, akajiweka juu ya sanduku. Likalia kah! Haraka mama mmoja akaanzisha wimbo kwa nguvu.

Kesho yake gurudumu lilikuwa limeng'oka. Habari ilizunguka ploti kabla chai haijachemka. Sasa watoto wakimwona pasta anakuja wanaficha stuli. Mwenyewe alikuja kuomba msamaha, akasema ameanza kufunga, na nadhani si kwa ajili ya roho peke yake.

Lakini pasta hana hatia. Hiyo ndiyo sababu naandika.

Wageni walipoondoka ile Jumamosi nililigeuza sanduku nikalikagua. Lilikuwa zima. Kilicholia ni mfuniko tu. Jumapili asubuhi nilienda kuchota maji, nikakuta foleni ni fupi, nikarudi mapema. Mlangoni kwetu kuna pazia. Upepo ulilisogeza, nikamwona mke wangu amepiga magoti kama anaomba, ameshika bisibisi yangu ya mjengo. Alilegeza skrubu moja moja, kisha akalipinda lile gurudumu mpaka likang'oka. Ilimchukua muda, kwa sababu nililichagua vizuri. Alikuwa analia bila sauti, na machozi yakidondoka kwenye plastiki anayapangusa kwa leso, maana huyo mwanamke hata akiharibu kitu anakiharibu kwa usafi.

Nilirudi nyuma, nikakohoa kama mgeni, ndipo nikaingia.

"Baba Mwende," akasema bila kuniangalia, "pasta amelimaliza sanduku."

Nikaweka mtungi chini. Hapo mwanaume mwenye akili angesema, basi usiende. Mimi nikasema, "Usijali, mama. Nitalipeleka kwa fundi."

Akanitazama kidogo. Akasema asante.

Ile asante haijanitoka masikioni. Yeye hawezi kukataa safari baada ya kanisa zima kumwombea na dada yake kumdhamini. Mimi siwezi kumwambia abaki, kwa sababu sijui nitamwambia abaki ale nini, na Mwende asomeshwe na nani. Tunaishi chumba kimoja na hakuna anayemwambia mwenzake kitu.

Fundi alimaliza kitambo. Ameweka gurudumu jingine, ameongeza na bati kwenye pembe, anajivuna kwamba sasa hili sanduku litatuzika sote. Liko kwake kibandani, nami napita njia ya nyuma asije akaniita. Ndege ni Alhamisi. Nikilibeba zima hadi nyumbani ni kama namfukuza mke wangu kwa mikono yangu. Nikiliacha huko, nimeifungia nyumba yangu njaa.

Pasta, kama unasoma ukurasa huu, kula ushibe. Si wewe.

Na nyinyi wengine, nipeni hekima, maana yangu imeisha. Kila jioni nikivuka lile pazia ananiuliza, "Fundi amesemaje?" na mimi najibu bado. Leo ataniuliza tena, na najua swali lake si la fundi. Nimjibu nini?