Solo kwa Sikio Moja

Mwaba Kalaba aliingia dukani kwa Shafi Jumatatu asubuhi, viatu vyake vikiwa bado na udongo mwekundu wa shambani, akaomba aonyeshwe kitu cha kupigia gitaa. Shafi alimtambua mara moja. Familia ya Shafi ilitoka Maniema tangu enzi za babu yake, na duka hilo la ala za muziki aliachiwa na baba yake, kwa hiyo wapiga gitaa wa Lubumbashi anawajua mmoja mmoja. Huyu hakuwa amemwona kwa miaka minane. Hakumuuliza alikuwa wapi, kwa sababu alijua.

Alivuta kutoka chini ya meza ampli, kikuza sauti kizito chenye mshikio wa ngozi. Nyuma yake, kupitia wavu wa chuma, zilionekana lampe nne, yaani zile chupa ndogo za kioo zinazowaka rangi ya chungwa umeme ukipita. Kisha akaweka juu ya meza kisanduku cheusi chenye vitufe vya kukanyaga na kioo kidogo kama cha simu.

"Hii kubwa iko ya lampe, ya kweli," alisema. "Hii ndogo iko ya kidijitali. Haina spika. Inaiga sauti ya ampli mingi, unaichomeka ku meza ya sauti ao mu écouteurs za masikio, unapiga."

"Gani njo muzuri?"

"Maman, nikikuchagulia mimi, nitakudanganya. Beba zote mbili. Kisha siku kumi, unirudishie moja."

Bei zao zilikaribiana, na Mwaba aliweza kununua kimoja tu. Aliita teksi, akaketi nyuma na ampli kando yake kama abiria, kisanduku mapajani, akarudi nyumbani Kasungami, pembezoni mwa mji.

Mwaba alizaliwa Sakania, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyekuwa na gitaa la mbao na subira ya kumfundisha msichana aliyelitaka. Akiwa na miaka ishirini na mmoja, kaka yake alipooa, klabu ya wafanyakazi iliwaazima wapigaji ampli ya lampe, na kwa mara ya kwanza Mwaba akasikia vidole vyake mwenyewe vikijaza uwanja mzima. Aliwahi kusema kwamba siku hiyo alijisikia ana mwili mkubwa kuliko wake. Baadaye aliolewa na Symphorien Kangwa, mpiga besi, wakahamia Kasungami, wakalima lengalenga, kabichi na nyanya, na mwisho wa juma wakapiga muziki kwenye sherehe na orkesta ya watu sita. Yeye ndiye aliyepiga solo. Watu waliokuja kumwangalia kama kioja, mwanamke na gitaa, baada ya nyimbo mbili walisahau kuangalia wakaanza kucheza.

Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Alilala hospitalini wiki tano. Alipotoka, sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. Alijaribu kurudi jukwaani mara moja tu. Kelele zilimjia zote upande mmoja, hakujua ngoma iko wapi wala gitaa lake liko wapi, na sikio lililobaki lililia kama nzi kwenye chupa kwa siku mbili. Daktari alimwambia bila kuzunguka: sikio hilo moja akilichosha, litamfuata mwenzake. Mwaba akalifungia gitaa sandukuni, akarudi kwenye matuta ya kabichi. Symphorien aliendelea kupiga besi, na kila akitoka kwenda kwenye sherehe alitoka kimyakimya, kama mtu anayeiba.

Kilichomrudisha ni simu ya Falonne, binti wa kaka yake wa Sakania.

"Tantine, ninaolewa mwezi kesho," alisema Falonne. "Papa anasema siku ya ndoa yabo wewe njo ulipiga solo. Ata mimi ninakuomba unipigie. Sitaki muntu mwingine."

"Mwanangu, unajua hali yangu."

"Ninajua. Ninakuomba vile vile."

Mwaba alilala na maneno hayo siku tatu. Siku ya nne alikwenda dukani kwa Shafi.

Ampli ya lampe ndiyo aliyoijaribu kwanza. Aliiacha ipate joto, akagusa uzi mmoja. Sauti ilitoka nene na tamu, ikamwingia kifuani, ikapita hadi miguuni. Symphorien alikuwa uani akiosha majembe. Alikuja akasimama mlangoni, mikono ikichuruzika maji. Mwaba alipiga wimbo mzima akilia bila kujificha.

"Ni ile," alisema. "Ni ile ile ya Sakania."

"Basi tumemaliza," alijibu Symphorien. "Kile kisanduku nitakirudisha kesho."

"Ngoja kwanza."

Alingoja kwa sababu alikuwa mwaminifu kwa sikio lake. Ampli ile, sauti ikiwa chini, ilisinzia. Uzuri wake wote uliamka pale tu alipoizungusha hadi nusu, na ikiwa nusu, madirisha yalitetemeka. Siku ya pili alipiga saa moja nzima. Siku ya tatu aliamka na ule mlio wa nzi, ukakaa hadi adhuhuri. Jioni yake umeme ulipungua kama kawaida ya mtaa, lampe zikafifia, na sauti ikawa ya mtu mwenye usingizi. Umeme usingemkatisha tamaa, maana angeweza kupiga mchana. Mlio ndio uliomtisha.

Akachukua kisanduku. Alivaa spika za masikioni, akapiga, akazivua baada ya dakika mbili.

"Iko kama muntu anasema mu chumba ya jirani," alimwambia binti yake Kiki. "Na nusu ya maneno anameza."

Kiki ana miaka ishirini na minne, anasoma chuo kikuu, na ni mtu ambaye hawezi kukiacha kitu kabla ya kusoma karatasi zake. Alikaa na kitabu cha maelezo alasiri nzima. Kisha akaja akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, kisanduku hakimezi. Kinagawa sauti. Sauti ya gitaa kinaituma kulia, mwangwi wake kinautuma kushoto. Kushoto kwako hakuna mutu wa kuupokea."

"Donc?"

"Donc ninatia yote kulia."

Alibonyeza mara tatu. Mwaba aligusa uzi, akatulia, akaugusa tena. Noti ilikuwa nzima, na mwangwi wake ukiifuata nyuma kwa adabu. Aliongeza sauti kidogo, akaipunguza. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alisikia gitaa lake lote, na lilikuwa chini kiasi kwamba angeweza kumsikia kuku uani. Alipiga hadi Kiki alipomletea chakula na kumwambia kimepoa. Asubuhi yake sikio lilikuwa kimya.

Hapo ndipo uchaguzi ulipokuwa mgumu kweli. Kimoja kilimpa furaha na kumdhuru. Kingine kilimtunza, lakini alisema ni kama kula ugali akiwa na mafua. Hakuhisi chochote kifuani. Siku ya saba alikwenda kwenye mazoezi na kisanduku, kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Lucien, mpiga gitaa la pili aliyekuwa ameichukua solo tangu Mwaba augue, alikitazama akacheka, akimwita kama dada mkubwa.

"Yaya Mwaba, hii iko téléphone. Utatupigia ama utatupigia simu?"

Wengine walicheka pia, si kwa ubaya. Mwaba alipiga, hakukosea, lakini alipiga kwa woga, akiwa amekaa kama mgonjwa kwenye foleni. Njiani kurudi alimwambia mumewe, "Vidole biko. Mwili haiko. Sisikii na mwili."

Kesho yake, badala ya kwenda shambani, Symphorien alishinda nyuma ya nyumba akipiga misumari. Alikuwa na spika kubwa ya besi iliyobaki kutoka kasha lake lililooza, na mbao za mlango wa zamani. Kufikia alasiri alikuwa ametengeneza benchi fupi, pana, na spika ameilaza ndani yake ikitazama juu, chini kabisa ya pale mtu anapokaa. Aliiunganisha pamoja na kisanduku kwenye meza ya orkesta ya kuchanganyia sauti, akamwita mkewe.

"Kaa. Upige."

Mwaba alikaa, akaziba sikio la kulia kwa kipokezi kidogo cha sauti ya kisanduku, kinachojaa tundu lote, akapiga noti ya chini. Ilimpanda kupitia mapaja, ikamshika mgongo, ikafika kifuani. Alimtazama Symphorien, akapiga tena, polepole, noti baada ya noti, kama mtu anayehesabu watoto wake waliorudi nyumbani. Hakulia safari hii. Alianza kucheka, na kucheka kwake kukamwita Kiki atoke jikoni.

"Kesho nirudishie Shafi ampli yake," alisema Mwaba. "Mwambie ninamushukuru. Mwambie iko muzuri sana, lakini mimi nimechagua kusikia."

Siku ya harusi walifika Sakania kabla ya saa sita, vumbi hadi kwenye nyusi. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye uwanja wa familia, mitungi ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, imepangwa kivulini. Mafundi wa sauti walimuuliza Mwaba iko wapi ampli yake, ili waiwekee kipaza sauti. Aliwaonyesha kisanduku, kisha benchi. Walitazamana, wakaunganisha nyaya.

Saa nane wakaanza. Wimbo wa kwanza wote Mwaba alipiga akiangalia vidole vyake. Wa pili akatulia. Wa tatu, Lucien akafanya alichozoea: alizungusha ampli yake hadi juu, akajaza turubai, akaanza kupita kwenye njia ya solo kama gari linalopita jingine kwenye daraja jembamba. Zamani, tabia hiyo ingemmaliza Mwaba. Angeongeza yake, Lucien angeongeza tena, na wote wangeishia kwenye kelele. Sasa alikuwa na gitaa lake ndani ya sikio, kwa kiasi kile kile alichokiweka, na mwili wake juu ya benchi ulijua kila noti ilipo. Hakuongeza chochote. Alipunguza. Aliacha noti tatu katika kila nne, na ile moja aliyoibakiza aliipiga nyuma kidogo ya ngoma, pale makalio ya mchezaji yanapoisubiri.

Wa kwanza kuinuka walikuwa wanawake wa rika lake, wale waliomkumbuka. Kisha shangazi za bwana harusi, waliokuja wakiwa wamenuna kwa sababu ya joto. Falonne alishika pindo za gauni lake jeupe akaingia katikati yao, akamvuta mumewe kwa tai. Wimbo ulipofika mahali pa kuishia, Symphorien alimtazama mkewe. Mwaba alitikisa kichwa kwamba bado. Besi ikaendelea. Wimbo ule wa dakika tano ulikwenda dakika ishirini na mbili, na hakuna aliyeketi.

Ndani ya zile dakika, mahali fulani, Mwaba alimwona Lucien akigeuka nyuma, akinyoosha mkono kwenye ampli yake. Alidhani anaongeza. Alikuwa anapunguza. Alirudisha sauti yake chini kabisa, akasogea karibu na benchi, akainamisha kichwa, akapiga gitaa la pili kama lilivyotakiwa kupigwa, la kubeba mwenzake. Magitaa mawili yakashikana. Watu walioshuhudia wanasema hapo ndipo hata wapishi waliziacha sufuria.

Walipumzika jua likiwa bado juu. Lucien alikuja na chupa ya maji, akampa.

"Yaya, nilishindwa kukusikia, njo maana nilipunguza," alisema. Kisha akarekebisha. "Hapana. Nilikuwa ninakusikia, na nilipenda nikusikie zaidi."

"Umepiga muzuri leo," Mwaba alimwambia, na alimaanisha.

Alingoja awe peke yake kidogo, nyuma ya turubai, ndipo akatoa kipokezi sikioni. Alifanya hivyo polepole, macho yamefungwa, akiusubiri ule mlio. Alisikia sahani zikikusanywa. Alisikia mwanamke akimwita mtu aje ale. Alisikia Falonne akicheka, mbali, na aliweza kusema ni Falonne na si mwingine. Mlio haukuwepo. Alisimama pale muda mrefu akisikiliza vitu vya kawaida.

Walipiga nyimbo nyingine kumi na mbili. Kaka yake, baba wa bibi harusi, ambaye si mtu wa maneno, alikuja mbele ya watu wote akainama akamshika mikono yote miwili, akairudisha kwenye nyuzi.

Asubuhi, wakati wanapakia vyombo garini, mjomba wa bwana harusi alimjia Symphorien. Alisema ana sherehe Kasumbalesa mwezi ujao, familia kubwa, watu wengi, na anataka orkesta hii, lakini aje yule mama wa solo. Bila yeye hataki. Symphorien alifungua mdomo aseme watafikiria, kwa maana kwa miaka minane ndivyo alivyozoea kumlinda mkewe.

Mwaba alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, akikunja nyaya.

"Tutakuja," alisema. "Lakini siku moja iko kidogo. Mutuwekee mbili."