Koti la Baba Kikapuni

Sufu ikishika mvuke wa maharage hutoa harufu yake, kama mtu aliyenyeshewa akaja kuota moto jikoni. Juzi niliinusa hapa mtaani Burumba, mjini Busia, kwa jirani yangu, ambaye huifunga sufuria kwa blanketi ili asimalize gesi, na nywele zikanisimama. Mtu mzima mwenye watoto, nikaaga upesi nikarudi nyumbani. Msinicheke kabla hamjasikia.

Kwetu ni kijijini, Bukhayo. Baba, dereva wa malori ya mpakani Malaba, alikuwa amefariki mwaka ule, na Mama alikuwa na kifua kibovu ambacho moshi wa kuni ulikuwa ukikimaliza. Kina mama wa kanisa wakamfundisha kikapu. Unachemsha maharage kidogo, unaepua sufuria ingali inatokota, unaifukia ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu, unafunika vizuri, unaenda zako shambani. Ukirudi yameiva kwa joto lake lenyewe, na kuni zako ziko palepale. Shida ni kwamba Mama hakuwa na nguo kuukuu nyingi. Alikuwa na koti la sufu la Baba, ambalo kwa desturi lilipaswa kugawiwa jamaa baada ya matanga, naye akalificha. Hilo ndilo alilolifutika kikapuni, mkono mmoja ukaning'inia nje.

Koti lile nililiogopa tangu mwanzo, sitaficha. Nilikula nikiwa nimelipa kisogo. Lakini Mama aliacha kukohoa, akaanza tena kuimba akifua, na mimi niliyekuwa mtumwa wa kuokota kuni nilijiona nimepata uhuru.

Kijijini kwetu, moto ukikuzimikia unaenda kwa jirani na kigae akupe makaa. Adhuhuri moja alikuja Taaka, mke wa mtoto wa Mzee Wandera, jirani yetu. Mtoto wake alikuwa na homa, alitaka kumpikia uji. Akainama mekoni na kigae chake, akakuta jivu baridi. Alipogeuka akatuona tunapakua maharage yanayofuka mvuke.

"Mmepika na nini?" aliuliza.

Mama, kwa furaha ya mtu mwenye jambo zuri la kumfunza mwenzake, akamwonyesha kikapu. Taaka aliutazama ule mkono wa koti, akalitambua. Aliondoka bila makaa, na kigae akakiacha mlangoni.

Kabla jua halijatua, Mzee Wandera alikuwa uani kwetu na wanaume wengine. Mtoto alikuwa amezidiwa, hafumbui macho. Mama alieleza habari za joto na sufu mpaka sauti ikamkauka. Akawaomba waje washike sufuria kwa mikono yao, hakuna aliyesogea. Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mama Nekesa, chakula inaiva na moto," alisema. "Sasa hii yako inapikwa na nani? Marehemu? Huyo mtoto akienda, tutarudi."

Nilijua wanarudi na nini. Ng'ambo ya mto kulikuwa na nyumba ya ajuza mmoja aliyeitwa mchawi, imebaki kuta nyeusi tupu. Mama aliniambia niwe nalala na viatu miguuni. Nilisikiliza upande wa kwa Mzee Wandera, nikimwomba Mungu nisisikie kilio.

Mtoto alipelekwa zahanati, akatibiwa malaria, akapona. Mzee Wandera akaanza tena kutusalimia njiani kana kwamba hakukuwa na neno. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Mama alikihamishia kikapu chumbani, akaendelea kupikia humo kwa siri, na kila jioni akawa anawasha moto mekoni bila sufuria juu yake. Aliweka kuni mbichi na majani ya mkaratusi, moshi ukapenya paa na kutanda juu ya boma letu. Kikohozi kikarudi. Mimi nilinung'unikia kurudishwa kwenye kuni, ila nilipachika hindi langu pembeni ya moto nikala kwa raha.

Mwaka jana nilimpeleka hospitalini mjini Busia, pumzi zikimpaa. Daktari, msichana mpole, alitazama picha ya mapafu akamwuliza kama anapikia kuni.

"Sipikii kuni, daktari," Mama alijibu. "Naziwasha tu."

Daktari akataka kujua ni za nini basi, kama hapiki nazo. Mama alinitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa.

"Majirani waone moshi, walale."

Nilitoka nje nikasimama ukumbini nikilia. Miaka yote ile nilidhani moto ule ni wa kunichomea mahindi.