Fundo la Mama Violeta

Nilipokuwa mtoto, kila Jumapili asubuhi mjomba alinichukua pamoja na wenzake wa spoti, tukatoka mtaani kwetu Cibitoke kwa miguu kwenda kupanda vilima vilivyo juu ya Bujumbura. Njia nzuri kuliko zote, ile inayokuonyesha ziwa lote, ilikatiza shamba la mjane mmoja, Mama Violeta. Yeye hakutaka tupite, kwa kuwa watu wa mjini walimkanyagia maharage. Ukuta hakuwa nao, wala mbwa. Alivuta majani marefu ya pande mbili, akayafunga fundo katikati ya njia, na hilo ndilo lilikuwa geti lake.

Na lilizuia kweli. Mjomba, fundi wa magari asiyeogopa hata polisi, alipoliona aligeuka akazungukia bondeni, kundi zima nyuma yake. Bibi naye alikuwa amenionya: "We mutoto, usiruke ile fundo. Tumbo itakugeuka."

Jumapili moja niliruka. Wakubwa walikuwa wamekaa kupumzika, mimi nina njaa na kiherehere changu cha miaka tisa. Niling'oa muhogo wa yule mama, nikaumenya kwa meno, nikautafuna mbichi. Ulikuwa mchungu, nikaumaliza kwa ubishi tu. Kabla hatujafika nyumbani nilikuwa natapika nyongo.

"Uliruka fundo?" Bibi aliuliza.

"Niliruka."

La muhogo sikulisema. Kwetu mwizi alichapwa, lakini mtoto aliyerogwa alipakatwa na kupewa chai ya maziwa. Nilichagua kupakatwa.

Kesho yake mjomba alinibeba mgongoni, akapanda na wanaume wa mtaa hadi kwa Mama Violeta. Walitaka afungue fundo kwa mkono wake mwenyewe, maana iliaminika kwamba aliyefunga ndiye pekee anayeweza kumponya mgonjwa.

"Mi sikuloga mutoto wa mutu," alisema. "Nilifunga majani juu munakanyaga maharage yangu. Mukiondoa hii, mi nitabaki na nini?"

"Fungua, mama," mjomba akasema. Hakupaza sauti, lakini wanaume walikuwa sita.

Mama Violeta akanigeukia mimi. "Mutoto, kwangu ulikula nini?"

Nikaficha uso shingoni mwa mjomba.

Alipiga magoti, akafungua. Jioni ile nilikula wali, na mtaa mzima ukaridhika kwamba mama yule ni mchawi na kwamba nguvu zake zimekwisha. Tangu hapo fundo lake halikumzuia mtu. Kila kundi la spoti lilipita pale, na msimu uliofuata penye maharage palikuwa na njia pana. Baadaye tulisikia amehama.

Leo mimi ndiye mkubwa katika klabu yetu ya kutembea. Mwaka huu tajiri mmoja amenunua kile kilima cha Mama Violeta, ameweka geti la chuma na mlinzi. Wenzangu wana hasira, wameandika barua kwa wakubwa wa zone, ofisi ya serikali ya eneo letu. Juzi kijana wetu mmoja alininyooshea kalamu.

"Mama, we ndo wa zamani. Weka sahihi tu, useme hii njia ilikuwa ya watu wote tangu mwanzo."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilimwambia nimesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa mkobani. Nina wajukuu watatu, na bado nimeficha uso shingoni mwa mjomba.