Video za kufundisha watoto nyumbani zilinitoa jasho wiki tatu, kumbe tatizo halikuwa mtoto kuwa mbishi

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioko humu, wa Burundi, wa Kigoma na kwingineko.

Haya yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Gitega. Sehemu nyingine zinaniaibisha, lakini nimeamua kuziacha zilivyo. Nikianza kujipamba humu hakutakuwa na maana ya kuandika.

Mimi ni seremala. Nimekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, nikarudi Burundi mtu mzima, nimeoa, nina binti mmoja wa miaka minne anaitwa Keza. Mke wangu anauza vitenge sokoni, anatoka asubuhi anarudi jioni. Mimi karakana yangu iko hapo hapo uani. Kwa hiyo mtoto yuko mikononi mwangu kutwa.

Mwaka huu tulimpeleka maternelle, yaani chekechea. Hakumaliza hata mwezi.

Madamu, mwalimu wake, aliniita akaniambia mtoto hasikilizi. Wenzake wakiambiwa simameni, yeye anakaa. Wakiambiwa leteni daftari, yeye anatazama dirishani. "Huyu bado hajakomaa, papa Keza. Mrudishe nyumbani, umlete mwaka ujao."

Iliniuma. Mtoto wangu mjinga? Nikasema nitamfundisha mwenyewe, na mwaka ujao atawashangaza.

Basi nikaingia mtandaoni. Wakuu, kule kuna akina mama wana meza nyeupe, watoto wasafi, kila kitu kwenye vikopo vya rangi. Mtoto anaambiwa chukua cha njano, anachukua cha njano, anacheka. Dakika tano kazi imekwisha. Nikaona hili jambo dogo.

Siku ya kwanza: udongo wa kuchezea. Unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo, maji. Nikakanda vizuri tu. Nikamwambia Keza atengeneze mpira.

Akaula.

Namkataza huku namalizia kupiga randa, nikigeuka anatafuna. Chumvi ile! Akatapika kwenye mkeka. Mama yake aliporudi alinitazama, akautazama unga uliobaki, akauliza kama nimekosa kazi ya kufanya.

Siku ya pili: rangi. Nilichemsha betrave (nyie wengine mnaita bitiruti), nikapata maji mekundu mazuri sana. Video ilisema mtoto achovye kiganja, apige chapa kwenye karatasi. Nikamwekea karatasi, nikamwambia, "Hapa tu, Keza. Hapa tu." Nikaenda kupokea mteja mlangoni.

Nikarudi nikakuta viganja vitano kwenye mlango wa kabati nililokuwa natengenezea bibi harusi mmoja. Mbao mbichi, haijapigwa vanishi. Mnaojua mbao mnajua betrave ikishazama humo inakuwaje. Nilipiga msasa mpaka mkono ukafa ganzi.

Jirani yetu Mama Shabani, anayefuma vikapu uwanja wa pili, alichungulia akacheka sana. "We Baba Keza, hii masomo iko ya mtoto ao iko ya we?"

Sikucheka.

Tukaenda hivyo wiki ya kwanza, ya pili. Kuchambua maharage kwa rangi kwenye trei ya mayai. Kupanga vifuniko vya chupa kwa ukubwa. Kushona kamba kwenye kipande cha katoni. Na hapa kuna jambo ambalo ningekuwa na akili ningeliona mapema: kazi nilizomwonyesha kwa mikono alizifanya. Tena vizuri. Kamba aliishona kuliko mimi. Zile za kuambiwa kwa mdomo ndizo zilituua.

"Keza, lete cha bluu." Analeta chekundu.

"Bluu!" Ananitazama mdomoni, anatabasamu, analeta kijani.

Mnajua tabasamu la mtoto anayekudharau? Mimi nililiona hivyo. Nikasema huyu ananichezea. Nikawa nazungumza kwa ukali, halafu kwa kelele. Mafundi wa karakana ya pili walikuwa wanasikia.

Wiki ya tatu ndipo ilipofika siku ninayoijutia. Alikuwa amebandika vipande vya vitenge vya mama yake kwenye karatasi, ametengeneza ndege. Nilimwita aje kula. Nikamwita mara ya pili. Mara ya tatu nikatoka na hasira zangu zote, nikaichukua ile karatasi mbele yake, nikaichana.

Hakulia. Aliokota vipande kimoja kimoja, akaniletea. Akadhani nimechana kwa bahati mbaya, nimsaidie kuunganisha.

Nikaingia ndani nikakaa kitandani. Jioni nilimwambia mke wangu nimeshindwa, mtoto aende kwa mama yangu kijijini Mwakiro, kule Muyinga, apumzike na mimi nipumzike kabla sijafanya baya zaidi. Akakubali bila maneno mengi, nadhani na yeye alikuwa ameshanichoka.

Nikampeleka mwenyewe. Mama yangu analima, na pia anatengeneza wanasesere na mipira kwa magome makavu ya mgomba. Wajukuu wengine wako pale kwake. Nikamwachia mtoto, nikamwambia, "Mama, huyu ni mbishi. Usimlegezee." Nikarudi Gitega.

Siku ya nne mama akanipigia. "Evariste, njoo."

"Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Njoo."

Nikaenda nimekasirika, kazi za watu nimeziacha. Nikawakuta watoto uani wanasuka magome. Mama hakunisalimia vizuri, aliniambia nisimame pembeni nitazame tu.

Alikuwa na chupa ya plastiki ameweka punje za mahindi ndani, kayamba la watoto. Wamezoea mchezo huo: wanafumba macho, bibi anazunguka nyuma yao, akitikisa wanaonyesha sauti imetokea wapi.

Akatikisa upande wa kulia. Watoto watatu wakanyoosha mikono kulia. Keza akabaki vilevile, macho kafumba, anasubiri.

Akatikisa kushoto. Hivyo hivyo.

Akasimama nyuma yake kabisa, akatikisa kwa nguvu. Ndipo mtoto akageuka, taratibu, na akageukia upande usio wenyewe.

Nikasema, "Si nimekwambia mbishi?" Wakuu, kweli nilisema hivyo. Mdomo ulitangulia.

Mama akaiweka chupa chini. Akaniambia, "Mwanangu, ulikuwa unampigia kelele mtoto asiyesikia."

Nikabisha. Nikamwambia mbona anaongea? Mbona jina lake anaitika? Akasema, "Anaongea maneno aliyokuwa nayo zamani. Jina anaitika akikuona mdomo. Umewahi kumwita akiwa amekupa mgongo?"

Nikakumbuka siku ya kitenge. Alikuwa amenipa mgongo.

Nikakumbuka pia mwaka uliopita mafua yake hayakuisha, sikio likatoa usaha, tukadondoshea mafuta ya vuguvugu kama watu wanavyofanya, likakauka, tukafurahi kwamba limepona. Hata hospitali hatukwenda.

Asubuhi tukaenda naye Muyinga mjini. Daktari alichungulia masikio kwa kitochi chake, akauliza maswali, akatuandikia rufaa kwa mtaalamu wa masikio Bujumbura. Huko walisema nyuma ya ngoma za masikio yote mawili kumejaa ute mzito, umekaa muda mrefu. Anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji. Nikauliza yale mafuta yamechangia? Mtaalamu akasema hawezi kusema ni mafuta, lakini kuchelewa kumechangia. Jibu hilo ninalo mpaka leo.

Alitibiwa. Sikio la kulia limefunguka vizuri. La kushoto bado linasikia kidogo, tunarudi kila tulipopangiwa, na hawajatuahidi kitu.

Siku sikio lilipofunguka tulikuwa uani kwetu. Mama Shabani alikuwa anakata majani ya kikapu, ule mkwaruzo wa kisu. Keza akaacha alichokuwa anafanya, akauliza, "Baba, ni nini hiyo?" Mama Shabani ndiye aliyejibu, "Iko kisu, mama. Kuja uone." Nikajifanya natafuta misumari.

Masomo tunaendelea nayo, ila video nimeziacha. Nakata herufi kwenye mabaki ya mbao, napiga msasa, anazishika, anazipanga. Nikitaka kumwambia kitu nachuchumaa mbele yake kwanza. Ni jambo dogo kiasi kwamba nikilifikiria nakasirika upya.

Shuleni nako tumerudi. Nilikwenda nimejaa maneno, nimeyapanga njia nzima. Nikamweleza madamu. Akasema, "Sikujua, papa Keza. Nina watoto wengi, sikujua."

Maneno yangu yote yakaniishia. Yeye alikaa naye wiki tatu darasani. Mimi ni baba yake.

Sasa Keza anakaa dawati la mbele, upande ambao sikio la kulia linamwelekea madamu.

Nilichojifunza wakuu: michezo hii ya nyumbani ni mizuri, lakini mimi nilikuwa naitumia kumpima mtoto afaulu au afeli. Mama yangu, ambaye hajawahi kufungua video hata moja, aliitumia kumtazama. Hapo ndipo aliponiacha mbali.

Mwenye mtoto mdogo anayeitwa mbishi, mzito, hasikii la mtu, fanya hivi kabla hujasoma uzi mwingine. Nenda nyuma yake akiwa anacheza. Usimguse, usipige kelele. Taja jina lake kwa sauti ya kawaida.

Halafu njoo utuambie kama aligeuka. Na mliolea mtoto anayesikia kwa sikio moja, michezo gani iliwasaidia? Mnitukane kwanza kama mnataka, ila mniachie na jibu.