Mtahini wa Santuri wa Kasha

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu, Anaclet Ntakwinja anatoka kwenye karakana yake mtaani Kasha akiwa na kipande cha chaki mkononi, na maongezi barabarani yanapungua. Anafuta ubao uliotundikwa ukutani kwa kitambaa chenye maji, anarudi nyuma hatua mbili, anangoja ukauke. Kisha anaandika matokeo ya wiki.

Waliofanya mtihani ni santuri tatu. Kwaya ya parokia, iliyorekodiwa miaka ya sabini: 13/20. Albamu ya gitaa tupu, isiyo na jina la mpigaji: 15/20. Na wimbo uitwao Barua ya Nyangezi, wa Orchestre Bana Nyalukemba: 8/20. Pembeni ya huo anaongeza maoni ya mtahini: "Mwimbaji amechoka kabla ya kuanza."

Kwa riziki, Papa Anaclet, mwenye miaka sitini na tatu, ni fundi wa redio na spika. Redio moja humletea kati ya faranga elfu tano na elfu kumi, na zipo siku haiji hata moja. Kusahihisha santuri hakumletei kitu. Huo ni wito.

Watu humletea santuri za marehemu babu zao, zilizotolewa darini na chini ya vitanda. Naye huisikiliza kila moja mara tatu: kwanza amesimama, pili amekaa, tatu amefumba macho. Hapo ndipo hutoa alama.

"Mutu anasema, 'Disque hii iko nzuri.' Nzuri namna gani?" anauliza. "Mimi ninasikiliza kama munganga. Ile kwaya, basoprano banamupenda Mungu, lakini besi banamuogopa. Ndiyo maana kumi na tatu. Yule wa gitaa ni mutu alilelewa vizuri: anapiga, ananyamaza, anakuachia nafasi ya kupumua."

Kuhusu saksafoni ya Barua ya Nyangezi, hukumu yake ni fupi. "Anaingia kama mukwe aliyechelewa kwenye matanga. Analia sana ili bamusamehe."

Alama hizi zina uzito. Kila Jumatano Steve, mtangazaji wa redio ndogo ya mtaa, hupita kunakili ubao. Santuri yenye kumi au zaidi huazimwa na kupigwa hewani Jumapili, baada ya misa ya pili. Iliyopungua hapo hurudishwa kwa mwenyewe, pamoja na pole.

Kwa miaka kumi na tisa Papa Anaclet hakuwa amewahi kubadilisha alama. Wamejaribu kumshawishi kwa ndizi, kwa samaki na, mara moja, kwa mbuzi. Mbuzi alirudishwa.

Siku ya pili yake, Jumanne, mbele ya ubao akasimama Apolline Furaha, muuza viatu vya mitumba mwenye miaka sitini na nne. Alisoma mstari wa mwisho taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

"Papa Anaclet," akasema, "huyu muimbaji amechoka, njo mimi."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja redio zao walivuta viti karibu.

Santuri ile, aliyoiimba yeye mwenyewe, alikuwa ameituma kupitia jirani yake Benoît, dereva wa pikipiki, bila kueleza ni ya nani. Mwenyewe hana mashine ya kuipigia na hajaisikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Sauti ya pili kwenye wimbo huo ni ya dada yake, Mireille. Wengine wote wa orchestre wameshafariki. Mireille alikuwa amelazwa hospitalini Katana, akisubiri upasuaji wa Jumatatu iliyofuata, na kila Jumapili aliiweka redio juu ya mto, kwa kuwa mawimbi ya redio ya Steve huvuka ziwa hadi Katana, milima ikipenda. Apolline alitaka dada yake asikie wimbo wao kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.

"Maman, pole," Papa Anaclet akamwambia. "Lakini point ni point. Nikibadilisha ya kwako, kesho avenue yote itapanga mustari hapa."

"Siombi point. Naomba unipigie, nisikie namna nilichoka."

Hilo halikukatazwa na kanuni yoyote. Sindano ikashuka. Apolline alisikiliza mkoba ukiwa magotini, na kwenye mstari wa pili akakunja uso.

"Huyu iko nani?"

"Iko wewe, maman."

"Huyu iko mwanaume, tena mugonjwa."

Akaanza kuimba sambamba na santuri. Sauti yake ilipanda juu ya ile ya mashine na kuiacha nyuma. Alimaliza ubeti, akakunja mikono, akaingoja mashine ifike.

"Papa Anaclet, pale nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Sauti ya mwanamuke inashukaka na miaka. Ya kwangu imepanda?"

Papa Anaclet aliiondoa santuri, akaweka ya harusi yake mwenyewe, anayoijua kuliko Baba Yetu. Nayo ikajikokota kama jeneza linalopandishwa mlima. Akatazama juu ya paa, kwenye paneli ya sola, ambako mvua ilikuwa ikinyesha kwa siku ya tano.

Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu Alhamisi. Kwaya na gitaa vilisikilizwa kabla. Barua ya Nyangezi ilisikilizwa kwa betri ya sola iliyokwisha nguvu, sahani ikizunguka polepole na kuishusha sauti ya msichana hadi ya mzee. Na kwa kuwa hakuwahi kuusikia wimbo huo, hakuwa na cha kulinganisha.

"Miaka thelathini niko fundi," alisema hatimaye, "na sikupima betri yangu."

"Papa, wewe unapata ngapi?" mteja mmoja akauliza.

"Nane."

Benoît aliitwa, pikipiki ikanyang'anywa betri kwa heshima zote. Wimbo ulipoanza tena, aliyeimba alikuwa msichana mwenye haraka na mambo yake. Sauti ya pili ilipoingia, Apolline alisema tu, "Mireille huyo." Papa Anaclet alisikiliza amesimama, amekaa, amefumba macho. Akatoka nje kwenye manyunyu, akafuta, akaandika 16/20.

Jumapili wimbo ulipigwa. Dakika mbili baadaye simu ya Apolline ikalia kutoka Katana.

"Ulinifunika sauti kwenye ubeti wa pili," Mireille akasema. "Nilikuambiaka hivyo tangu studio."

Jumatatu alifanyiwa upasuaji. Anaendelea vizuri, na bado analalamika.

Papa Anaclet amepekua madaftari yake yote. Santuri zilizofeli ni arobaini na moja. Tarehe zimeandikwa, hali ya hewa haikuandikwa. Hivyo ametangaza kikao cha pili, yaani mtihani wa marudio kama wa chuo kikuu, kuanzia Juni, kiangazi kikiwa kimetulia. Wenye santuri wazirudishe, hata waliokasirika.

Amemwomba Apolline akae naye kwenye meza ya watahini. Amekubali, kwa sharti kwamba Mireille akitoka hospitalini naye apewe kiti.

"Na mutasikilizana?" mteja anamuuliza.

"Tutabishana," anasema Papa Anaclet, akiupima umeme wa betri kwa mara ya pili asubuhi hii. "Lakini na courant ya kutosha."