Nililegeza breki za madamu, Bahati akabeba lawama

Siku ya Mungu, tarehe nane mwezi wa tatu. Mvua ilinyesha toka tulipotoka kanisani mpaka saa kumi, na matope yote ya kambi ya Dzaleka iko mlangoni mwangu.

Kosa ni langu. Nalisema mbele, kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea. Najijua.

Mi ni mtu wa kabaza. Nabeba batu kwa baiskeli kutoka kambini mpaka Dowa. Rafiki yangu Bahati, mtoto wa Uvira kule Kongo kama mi, alipata kazi nzuri kuliko yangu: kuongoza wageni kwa baiskeli za milimani ndani ya msitu wa Dzalanyama, ng'ambo ya Lilongwe. Patron mwenye baiskeli alimwamini. Mwezi uliopita njo Bahati akaniomba niende naye, nikae nyuma ya wageni, nisaidie anayechoka. Aliniambia jambo moja tu: "Baiskeli nimeshazikagua. Usiziguse."

Nikazigusa.

Tulipopumzika chini ya miti, madamu mmoja, mwalimu wa kule Chilinde, aliniita kwa Chichewa. "Achimwene, kaka yangu, baiskeli hii nzito. Au ni mimi mzito?" Wenzake wakacheka. Nikaona mipira ya breki inakaribia sana ringi. Kwetu kabaza, breki ya namna ile inakula nguvu za mtu bure. Tunailegeza ili baiskeli iteleze na mzigo, na tukitaka kusimama tunakandamiza sapatu ya mguuni kwenye tairi. Bahati alikuwa mbele anaongea na wengine. Nikatoa spana, nikalegeza ya mbele na ya nyuma.

Nilitaka kumsaidia, kweli. Lakini nilitaka pia waone kwamba na mi najua.

"Zikomo, asante, sasa inaruka," madamu akasema.

Halafu njia ikashuka, na majani yalikuwa yameloa. Madamu alimpita Bahati, na Bahati alikuwa amekataza mtu kumpita. Nimejaribu mara nyingi kusema basi ni yeye aliyekimbia. Hapana. Nilimwona anabana breki kwa mikono miwili. Nikapiga kelele, "Tia mguu kwenye tairi!" Kwa Kiswahili. Nani pale angenielewa? Na hata angeelewa, mwalimu huyo hajawahi kusimamisha baiskeli kwa kiatu maisha yake yote. Akaingia kichakani, akagonga mti. Mkono ukavunjika.

Bahati alimfunga mkono kwa shati lake. Patron alipokuja na gari akauliza nani alikagua baiskeli ile.

"Ni mimi," Bahati akasema. "Labda sikukaza vizuri."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, spana mfukoni. Nikanyamaza. Nilijiambia naogopa watasema wakimbizi banaharibu vitu. Lakini Bahati naye si mkimbizi? Niliogopa kwa ajili yangu tu.

Patron alimwambia asirudi. Toka siku ile Bahati hashiki baiskeli ya mtu. Jirani akimwomba amkazie mnyororo, anasema, "Peleka kwa mwingine, mi siamini tena mikono yangu." Mkono wa madamu, nimesikia, unapona. Mikono ya Bahati sijui.

Leo nilimwita nyumbani. Nikamwambia yote kabla hajakaa.

Kisha akasema, "Kumbe nilizikaza."

"Ulizikaza, kaka."

"Kila siku najiuliza mkono wangu ulisahau nini. Na we ulikuwa unanisalimia kanisani."

Nikamsogezea kiti, akakikataa.

"Kesho tunaenda Lilongwe. Utasema hivyo hivyo mbele ya patron. Halafu kwa madamu."

"Nitasema."

Akachukua kofia yake, akatoka. Mke wangu akamwita, "Shemeji, chakula iko tayari!" Hakugeuka.

Wewe unayesoma, mwenzako akikuingiza kwenye kazi yake, usilete ujuzi wa kwenu bila kumuuliza. Na kama umeshaharibu, sema siku hiyo hiyo, mbele ya wale wale, kabla mwenzako hajaanza kujichukia kwa kosa lako. Mi nilichelewa. Sijui hata kama kesho itatosha.

Jioni tulikula nsima, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo. Mke wangu alifunika sahani ya Bahati, akasema labda atarudi. Batoto wameiangalia mpaka wakalala, na hakuna aliyeifunua.